Uveitisi ya nyuma: kwa nini picha za retina zinatangulia vidonge?

Mdogo wa Dada, Morogoro

Habari za wakati huu, ndugu zangu, na shikamooni wakubwa wote mliomo humu. Naomba kufafanuliwa jambo ambalo limeleta ubishi nyumbani kwetu.

Dada yangu, mwenye umri wa miaka 34, amekuwa akiona ukungu kwa jicho la kushoto, na vidoa vyeusi humwelea mbele ya jicho hilo, hasa anapotazama ukuta mweupe au anga. Jicho halimuumi sana wala halijawa jekundu, na nadhani ndiyo sababu alichelewa kulitafutia tiba. Alinunua matone kwenye duka la dawa, akayatumia, hali ikabaki ileile. Alipofika kwa daktari wa macho katika hospitali ya mkoa alitiwa matone ya kupanua mboni, akachunguzwa kwa utulivu, kisha akaambiwa kwamba ana uveitisi ya nyuma, yaani kuvimba kwa tabaka za ndani ya jicho kule nyuma kwenye retina, utando unaopokea mwanga. Hakupewa vidonge. Alipewa rufaa ya kwenda kupigwa picha ya kawaida ya retina, kipimo cha OCT (picha ya mwanga inayoonyesha tabaka za retina), na picha nyingine inayotanguliwa na sindano ya rangi kwenye mshipa wa mkono, pamoja na vipimo vya damu vya kaswende, VVU na toksoplasmosisi (ugonjwa unaoletwa na kimelea), na eksirei ya kifua.

Shemeji yangu, ambaye ndiye anayegharimia, anaona tunazungushwa, kwa sababu anamfahamu mtu aliyekuwa na uveitisi akapewa prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, siku hiyohiyo na akapona. Maswali yetu ni haya. Ikiwa daktari ameshaitazama retina kwa macho yake, picha zinamwongezea nini? Je, picha hizo zitautaja ugonjwa wenyewe, au zitatuacha palepale? Na hiyo sindano ya rangi ina usalama gani kwa mtu aliyewahi kuwa na pumu utotoni?


Daktari wa Macho, Moshi

Marahaba, na umpe dada pole zangu. Kwa kuwa sijamchunguza, nitaeleza tu namna tunavyofikiri tunapokutana na jicho la aina hiyo, na uamuzi wa tiba utabaki kwa daktari wake.

Nitaanza na swali lako la pili kwa sababu ndilo linalobeba mengine. Picha za retina hazitaji ugonjwa. Zinaonyesha mahali palipovimba, tabaka lililoathirika, ukubwa wa eneo hilo, na kama ugonjwa ungali hai au kilichobaki ni kovu. Kwa taarifa hizo, orodha ya magonjwa yanayoweza kuleta uveitisi, ambayo ni ndefu mno, hupungua hadi yakabaki machache, na hapo ndipo vipimo vya damu, eksirei na maelezo ya mgonjwa mwenyewe hupata maana. Chukua mfano wa ugonjwa wa Vogt-Koyanagi-Harada, ambapo kinga ya mwili hushambulia seli zenye rangi katika macho yote mawili, na ule mwingine ambapo macho yote huvimba baada ya jicho moja kutobolewa na jeraha au kufanyiwa upasuaji. OCT ya wagonjwa hao wawili huonyesha maji yaliyojikusanya chini ya retina na koroidi (tabaka la mishipa ya damu nyuma ya retina) iliyonenepa. Picha ya sindano huonyesha vitone vingi vidogo vinavyovuja. Ukiwekewa picha hizo mezani bila maelezo, huwezi kuzitenganisha kwa uhakika. Kinachozitenganisha ni swali la mdomo: je, jicho lako lolote limewahi kuumia au kupasuliwa? Mashine ya gharama kubwa haiwezi kumuulizia daktari swali hilo.

Sasa, picha zinaongeza nini kwa daktari aliyekwisha kuitazama retina? Tangu Helmholtz alipotengeneza kifaa cha kutazamia ndani ya jicho mwaka 1851, tumeweza kuiona retina ya mtu aliye hai, lakini tunachokiona ni rangi na umbo. Hatuoni maji yaliyojipenyeza kati ya tabaka zenye unene wa sehemu ndogo ya milimita, wala hatuwezi kujua, kwa kutazama tu, kama mshipa wa damu unaoonekana mzima unavuja. Isitoshe, kumbukumbu ya daktari si rekodi: mgonjwa akirudi baada ya mwezi, mimi nitakumbuka kwamba doa lilikuwa kubwa, ilhali picha itasema lilikuwa kubwa kiasi gani na lilifika wapi.

Suala la kuvuja hutatuliwa na sindano ya rangi. Dawa hiyo huitwa floresini, na matumizi yake katika kupiga picha mishipa ya retina yalielezwa mwaka 1961 na Novotny na Alvis, waliokuwa wanafunzi wa udaktari huko Indiana, Marekani. Andiko lao lilichapishwa katika jarida la magonjwa ya moyo na mishipa ya damu, si la macho. Rangi ikichomwa mkononi hufika kwenye jicho ndani ya sekunde 10 hadi 15 hivi. Kamera humulika mwanga wa buluu, na floresini huurudisha ukiwa wa kijani chenye umanjano. Katika jicho lenye afya, kuta za mishipa ya retina haziipitishi rangi hiyo, kwa hiyo mishipa huonekana ikiwa na kingo zilizokatika vizuri hadi mwisho wa zoezi. Mishipa iliyovimba huiachia, na kadiri dakika zinavyokwenda kingo hufifia na mng'ao husambaa kando. Katika ugonjwa wa Behçet, ambao huvimbisha mishipa ya damu mwilini, kwa mfano, vimishipa vidogo vinaweza kuvuja kila upande wakati retina ikitazamwa kwa macho inaonekana karibu salama. Kwa koroidi, ambayo iko nyuma ya tabaka lenye rangi nyeusi, floresini haitoshi. Panapohitajika hutumiwa rangi nyingine ya kijani inayoonekana kwa mwanga wa infraredi, ambao hulipenya tabaka hilo.

OCT haina sindano. Hutumia mwanga dhaifu, hupima namna unavyorudi kutoka kila tabaka, na hutoa picha ya retina kana kwamba imekatwa upande. Ilielezwa mwaka 1991 na kundi la watafiti wa Massachusetts, akiwamo David Huang na James Fujimoto, na mashine za siku hizi hutofautisha vitu vyenye ukubwa wa takriban maikroni 5, wakati milimita moja ina maikroni 1,000. Kwa uveitisi faida yake kubwa ni kuonyesha maji katika makula, ile sehemu ya katikati tunayoitumia kusomea na kutambua sura za watu, kwa kuwa maji hayo ni miongoni mwa sababu kuu za wagonjwa wa uveitisi kupoteza uwezo wa kuona.

Ukiniuliza daktari wa dada anatafuta nini, nitakisia kwa kuangalia vipimo alivyoandika. Kovu jeusi la zamani lenye doa jipya jeupe pembeni yake, likionekana kupitia ute wa ndani ya jicho uliojaa seli za uvimbe, humwelekeza kwenye toksoplasmosisi; sisi tumezoea kulifananisha na taa ya gari katika ukungu. Vidonda vya koroidi vinavyotambaa, ambavyo mwanzoni mwa picha za sindano huwa vyeusi na baadaye kingo zake hung'aa, humfanya aulize habari za kifua kikuu. Weupe uliochanganyika na damu kando ya mishipa, kwa mtu mwenye VVU ambaye CD4 zake, yaani seli za kinga, zimeshuka chini ya 50, huleta wazo la virusi vya saitomegalo. Kaswende, kwa upande wake, huweza kuiga karibu kila kimoja kati ya hivyo, na ndiyo maana inapimwa kwa mgonjwa wa uveitisi hata kama picha zinaelekeza kwingine.

Hapo ndipo hoja ya shemeji inapokwama. Ni kweli prednisoloni hutuliza uveitisi, lakini huituliza kwa kuidhoofisha kinga ya mwili, na ikiwa chanzo ni kimelea au bakteria, utakuwa umemwondoa mlinzi huku mwizi akiwa ndani. Katika toksoplasmosisi, steroidi bila dawa ya kuua kimelea, na hasa ikidungwa ndani ya jicho au kando yake, inaweza kuuacha ugonjwa uharibu sehemu kubwa ya retina. Tena nashuku huyo mtu wanayemfahamu alikuwa na uveitisi ya mbele, ambayo huleta wekundu na maumivu, huonekana wazi kwa darubini ya kliniki, na mara nyingi huanzishiwa matone ya prednisoloni siku hiyohiyo bila picha yoyote ya retina. Majina yanafanana, lakini ni safari mbili tofauti. Hata katika uveitisi ya nyuma kuna wakati hatungoji: ugonjwa ukiwa karibu na makula au neva ya jicho, dawa za kimelea huanza mara moja huku vipimo vikiendelea.

Kuhusu usalama wa floresini: wengi huipokea bila tatizo, baadhi hupata kichefuchefu cha muda mfupi, wachache huwashwa au kutokwa na vipele, na mara chache sana hutokea mzio mkali unaohitaji huduma ya dharura, ndiyo sababu haipaswi kuchomwa mahali pasipo na dawa na vifaa vya dharura. Pumu ya utotoni haimzuii moja kwa moja, ila aitaje kabla ya sindano, pamoja na mzio wowote wa dawa, ugonjwa wa figo, ujauzito au kunyonyesha, kwa kuwa rangi hiyo hupita katika maziwa ya mama.


Msafiri, Ifakara

Kwa heshima zote, Daktari, maelezo yako ni mazuri kwa mtu anayeishi karibu na hospitali ya rufaa. Huku kwetu mgonjwa hupanda basi, hulala kwa ndugu asiyemzoea, hulipia kadi, hulipia picha, kisha huambiwa mashine imeharibika arudi wiki ijayo. Jicho halimsubiri. Je, madaktari wa zamani hawakuwatibu watu kabla ya OCT kuwapo? Naona kama tunaigeuza picha kuwa tiba.


Daktari wa Macho, Moshi

Ndugu Msafiri, hoja yako ni ya haki na sina nia ya kuipuuza. Waliwatibu, na wengine walipona. Wengine walitibiwa kwa ugonjwa ambao hawakuwa nao. Lakini kama mgonjwa wangu ana fedha za jambo moja tu, sitampeleka kwenye OCT. Nitampima kaswende na VVU, kisha kifua, kwa sababu matokeo ya vipimo hivyo yanaweza kubadilisha tiba yote, na kaswende ya jicho hupona kwa penisilini inayotolewa kwenye mshipa kwa siku 10 hadi 14. Jambo la pili litakuwa picha ya kawaida ya retina, ambayo hata simu ikishikwa na mkono uliozoea, pamoja na lenzi ya kuchunguzia, inaweza kuipiga kwa kiwango cha kutumwa kwa daktari bingwa aliye mbali. OCT ni ya tatu kwangu. Sindano ya rangi ni ya nne, na kuna wagonjwa wengi ambao haiwahusu kabisa. Asiyeweza kupanga vipimo kwa utaratibu huo, akaandika vyote kwa kila anayeingia mlangoni, anamtoza mgonjwa gharama ya mashaka yake mwenyewe.


Mpiga Picha wa Retina, Nairobi

Ningependa kuongeza machache kutoka upande wa chumba cha mashine, kwa kuwa ndimo ninamoshinda.

Jicho lenye uveitisi ni gumu kulipiga picha. Mboni inaweza kuwa imegandana na lenzi isipanuke vizuri, ute wa ndani una seli zinazoufanya mwanga utawanyike, na mgonjwa ambaye makula yake imevimba hakioni vizuri kile kialama anachotakiwa kukikazia macho. Matokeo yake ni kwamba picha hutoka hafifu, na mashine haikatai kutoa majibu kwa sababu hiyo. Itachora mistari yake juu na chini ya retina, itapima umbali kati ya mistari hiyo, na itachapisha namba. Nimeona karatasi iliyoonyesha makula nyembamba kupita kiasi, na nilipofungua picha yenyewe nikakuta mstari wa chini umeruka na kupita katikati ya mfuko wa maji; makula ilikuwa imevimba, na namba ilikuwa ya uongo. Kwa hiyo, kabla hamjaisoma namba, mwombeni daktari aifungue picha mbele yenu na kuangalia kama mistari imekaa mahali pake. Pia kuna kipimo cha nguvu ya mawimbi kinachoandikwa pembeni. Kikiwa chini, kila kinachofuata kisomwe kwa tahadhari.

Rangi za kijani, njano na nyekundu katika ripoti ya OCT huwatisha watu bure. Nyekundu humaanisha kwamba kipimo hicho kimetofautiana na vya watu wenye afya waliohifadhiwa katika kumbukumbu za mashine, basi. Haisemi kwa nini. Na msilinganishe namba za mashine mbili za kampuni tofauti: moja huanza kupima kwenye tabaka hili, nyingine kwenye tabaka lile, hivyo jicho lilelile siku ileile linaweza kupewa namba zinazopishana kwa makumi ya maikroni. Anayefuatiliwa na arudi kwenye mashine ileile kadiri inavyowezekana.

Jambo jingine ni upana. Kamera nyingi za kawaida hupiga nyuzi 30 hadi 50 za retina kwa mara moja, yaani katikati na mazingira yake. Uveitisi haikai katikati peke yake. Mishipa ya pembeni inaweza kuwa imevimba na weupe ukawa umejikusanya upande wa chini kabisa, na picha ya katikati ikatoka safi. Zipo kamera zinazofikia nyuzi 200, lakini mahali zisipokuwapo humwambia mgonjwa atazame juu, chini, kulia na kushoto, nikapiga kila upande na kuziunganisha. Mwambie dada asichoke anapoambiwa atazame huku na kule; pembeni ndiko kulikojificha mengi.

Mwisho, ombeni picha zenyewe katika flashi au diski, siyo karatasi iliyochapishwa kwa wino mweusi unaokaribia kuisha. Karatasi hiyo hainifai mimi wala daktari atakayefuata.


Bi Kisauni, Mombasa

Mimi si mtaalamu, lakini niliwahi kuchomwa sindano hiyo na nadhani dada atapenda kusikia kutoka kwa aliyepitia.

Waliniwekea kijisindano mkononi kwanza, nikaweka kidevu kwenye kamera, wakapiga picha kadhaa kabla ya rangi. Rangi ilipoingia nilihisi joto kidogo na kichefuchefu kilichopita baada ya kuvuta pumzi, kisha taa ya buluu ikaanza kumulika mfululizo. Hiyo taa ndiyo iliyonichosha kuliko sindano, kwa sababu unatakiwa usipepese hovyo. Baadaye walinipumzisha wakanirudisha kupiga picha za mwisho. Ngozi yangu ilikuwa ya manjano hadi jioni, na mkojo ukawa wa rangi ya chungwa hadi siku ya pili. Sikuwa nimeambiwa, na nilifikiri nimepata homa ya manjano. Anywe maji ya kutosha, aende na mtu wa kumshika mkono kwa sababu mboni zikipanuliwa jua la saa sita halivumiliki, na wala asipange kuendesha gari. Akihisi kuungua pale sindano ilipoingia, aseme papo hapo, kwani rangi ikimwagika nje ya mshipa huuma sana.


Mdogo wa Dada, Morogoro

Nawashukuru nyote. Nimemsomea shemeji majibu haya na amekubali tuendelee, ingawa bado ananung'unika kuhusu nauli.

Naleta mrejesho pamoja na maswali mawili. Dada amepigwa picha ya kawaida na OCT. Daktari bingwa alituonyesha kwenye kioo cha kompyuta: palikuwa na kovu jeusi la zamani, na ukingoni mwake doa jeupe lisilo na mipaka, nje kidogo ya makula. OCT ilionyesha retina iliyonenepa pale penye doa, lakini makula yenyewe haina maji. Kaswende na VVU havikupatikana, kifua ni safi, na kipimo cha toksoplasmosisi cha IgG, yaani cha kingamwili zinazobaki baada ya maambukizi, kimetoka chanya. Ameanzishiwa kotrimoksazoli, na prednisoloni itaongezwa baadaye. Kilichotushangaza ni kwamba ameifuta ile sindano ya rangi, akasema haihitajiki tena. Je, hilo ni sawa? Swali la pili: miezi michache kabla ya hapo dada alikuwa amepigwa picha ya retina kwenye kliniki ya kisukari, kwa sababu sukari yake hupanda, na programu ya kompyuta ikatoa jibu kwamba hakuna tatizo. Inawezekanaje, ikiwa kovu ni la zamani?


Daktari wa Macho, Moshi

Ni sawa, na binafsi ningefanya vivyo hivyo. Doa hai ukingoni mwa kovu la zamani ni mwonekano wa toksoplasmosisi iliyorudi, na katika hali hiyo daktari huamua kwa kutazama na kwa picha ya kawaida. Sindano ya rangi isingebadilisha tiba. Angeirudisha kama angekuta jambo jipya, kwa mfano mishipa iliyozibwa, mishipa mipya isiyofaa ikichipua, au maji katika makula ambayo chanzo chake hakieleweki. IgG chanya nayo isipewe uzito kuliko inavyostahili. Watu wengi waliwahi kukutana na kimelea hicho kupitia nyama isiyoiva vizuri au udongo na maji yaliyochafuliwa na kinyesi cha paka, na damu zao zitakuwa chanya hata kama macho yao ni mazima. Manufaa yake ni upande wa pili: ingekuwa hasi, daktari angelazimika kuutilia shaka ugonjwa huu na kurudi kwenye picha kuzitazama upya. Kuhusu kotrimoksazoli, ambayo wengi wanaiita septrini, dada akitokwa na vipele au vidonda mdomoni aiache na arudi hospitali siku hiyohiyo.

Swali lako la pili ni muhimu zaidi ya unavyodhani, kwa sababu kamera hizo zinaongezeka katika kliniki za kisukari na watu wanaondoka wakiamini kwamba jicho lote limekaguliwa. Programu ya kwanza ya aina hiyo kuruhusiwa nchini Marekani itoe jibu bila daktari, mwaka 2018, iliruhusiwa kwa jambo moja tu: kutafuta madhara ya kisukari kwenye retina. Programu kama hiyo hutafuta alama za kisukari, na jibu lake linahusu alama hizo. Kovu la toksoplasmosisi, kama liliingia ndani ya fremu, halikuwa sehemu ya swali iliyoulizwa. Na kama lilikuwa nje ya fremu, hakuna ambaye angeliona. Muulize daktari kama picha ile ya kliniki ya kisukari bado ipo kwenye kompyuta yao. Ikipatikana, aiweke sambamba na ya sasa: itamwonyesha kama kovu lilikuwapo wakati ule na lilikuwa na ukubwa gani.

Doa jeupe likipona litaacha kovu lake, na pale penye kovu retina haioni tena. Kwa kuwa liko nje ya makula, kuna matumaini mazuri ya kusoma, ingawa vidoa vinavyoelea vinaweza kuendelea kwa muda hata baada ya ugonjwa kutulia. Ugonjwa huu hupenda kurudi, na ukirudi mara nyingi huanzia kwenye ukingo wa kovu lilelile. Kwa hiyo picha itakayopigwa baada ya kupona ina thamani kuliko hii ya sasa, kwa kuwa ndiyo itakayotumika kupimia kila badiliko litakalofuata. Mwombe mpiga picha nakala yake, uihifadhi kwenye simu yako na ya dada, na siku ukungu ukirejea dada asinunue matone dukani.